Nilimtega shemeji, nikanasa mwenyewe

Jamani mi nilikuwa najua ni shemeji. Wala sizunguki, nilikuwa najua kabisa ni yeye, maana kabla hajaja kukaa kwetu mkate ulikuwa unalala mzima unaamka mzima, kaja yeye na begi lake moja, wiki ya tatu mkate ukaanza kuamka na pengo. Na sio pengo la kisu, hapana, pengo la kutafuna. Nailoni imetobolewa kishimo cha duara pembeni, kona ya mkate imechimbwa kwa ndani, makombo yametapakaa kabatini kama mtu kala gizani huku anasikilizia mlango. Nikajisemea huyu kijana ana njaa gani ya kula mpaka na nailoni?

Huyu shemeji ni mdogo wake mke wangu, kijana mpole, kaja kusubiri mambo yake ya kazi yakae sawa, na mambo yenyewe yakawa hayakai. Alafu nilikuwa namdai. Namdai tangu zamani, kabla hata hajahamia, na mtu unayemdai akiishi nyumbani kwako kila anachotia mdomoni unaona kinatoka kwenye hela yako. Akichota sukari mi nahesabu vijiko. Akiongeza mboga napiga mahesabu ya riba. Najua sio vizuri, ila ndo hivo.

Nikamwambia mke wangu taratibu, kwamba mdogo wako anaamka usiku anakula mkate. Akasema, "Si mkate ni wa kuliwa, baba?" Nikamwambia tatizo sio kula, tatizo ni namna anavyokula, anatafuna kona. Akasema labda ndo anavyopenda, kila mtu na namna yake, wewe mwenyewe unakula embe unabaki na nyuzi mpaka kwenye nyusi. Mke wangu ndo alivyo, anakung'ata huku anapuliza, unakuja kushtuka keshokutwa kwamba kumbe nilitukanwa.

Basi toka hapo kila kilichoharibika mle ndani nikawa namwandikia shemeji. Usiku nikisikia kwaru kwaru kwaru darini au nyuma ya kabati najua ni shemeji anahangaika na usingizi. Kabati la chini la jikoni likaanza kutoa harufu fulani hivi, kali, kama mkojo uliokaa, nikasema soksi za shemeji, sijui zimefikaje kwenye masufuria lakini za kwake. Sabuni ya kuogea ikakutwa na mikwaruzo miwili miwili kama imechorwa na uma, hapo kidogo nilisita, nikamwambia mke wangu unaona, sasa kafikia kwenye sabuni. Akaniangalia muda mrefu. Akasema, "Hebu rudia hiyo sentensi taratibu ujisikilize." Sikurudia.

Chaja ya simu yangu nayo, waya umekatwa katikati safi kabisa kama kwa mkasi. Nikaweka watoto mstari. Mkubwa akamtaja mdogo, mdogo akamtaja mjomba, kesi ikafungwa hapohapo, mjomba ana hatia.

Sasa sehemu hii mke wangu akiisoma nimekwisha, lakini bila hii hamtaelewa huko mbele.

Asubuhi moja naingia jikoni kuchemsha chai, nafungua kabati la juu lenye kopo la majani, nakuta pembeni ya kopo pamemwagika majani. Vipunje vyeusi, vidogo, virefu kiasi, kama punje ya mchele iliyoungua ila ndogo kuliko mchele, ncha zimechongoka. Vingi tu, vimesambaa mpaka kwenye kona. Nikachukia. Watu wanatafuta hela wengine wanamwaga. Nikavikusanya kwa kiganja polepole bila kupoteza hata kimoja, vile vya kwenye kona nikavifuata na kucha, nikafungua kopo nikavirudisha vyote, nikatikisa kidogo vichanganyike, nikafunika.

Kugeuka nakuta shemeji kasimama mlangoni na kikombe mkononi, ananiangalia.

Hakusema kitu. Mi ndo nikaongea, nikamwambia, "Shemeji, majani ya chai hayamwagwi hovyo humu ndani."

Akasema, "Ni kweli shemeji." Akarudisha kikombe kabatini, akanywa maji, akatoka. Na toka siku ile akaacha chai kabisa. Nikaona kumbe ukimwambia mtu ukweli anajirekebisha.

Kwenye nyumba yetu wanywaji wa chai tulikuwa mimi na yeye, mke wangu na watoto ni watu wa maziwa, kwahiyo nikabaki peke yangu na kopo langu. Ila jumamosi ile mke wangu akatembelewa na rafiki zake wanne. Akawaandalia chupa mbili za chai. Wakanywa, wakaongeza, mmoja akasema, "Mwenzetu chai yako ya leo imekolea, unatumia majani gani?" Shemeji alikuwa kakaa kona ya sebule, akainuka akatoka nje, na nikamsikia huko nje anakohoa kohoa, nikadhani kapaliwa.

Basi bana. Mkate ukaliwa tena mara ya tano sijui ya sita, nikasema leo namkamata. Watoto wamelala, mke kalala, nikachukua stuli nikaweka nyuma ya mlango wa jikoni, nikakaa gizani na simu mkononi na fimbo ya ufagio mapajani. Sijui nilikuwa nataka kumfanya nini na ule ufagio. Saa sita. Saa saba. Mguu umekufa ganzi, mbu wananimaliza. Kwenye saa nane hivi nikasikia nailoni inalia, chaka chaka, kidogokidogo. Nikajisemea hapo hapo shemeji, fungua vizuri, kula ushibe. Nikasubiri azame. Nikawasha tochi.

Juu ya mkate kasimama panya.

Tena panya mwenyewe kapanya tu, kadogo, ukiondoa mkia hakazidi kidole changu cha kati, masikio makubwa kuliko kichwa, kasimama kwa miguu miwili kashika kombo kwa mikono kama mtu anayesoma barua. Kaniangalia. Mi namwangalia. Katafuna kidogo tena, hana haraka, alafu kakashuka, kakaambaa na ukuta, kakafika kwenye bomba chini ya sinki kakapotea, palepale ambapo ukiangalia huoni hata tundu.

Nyuma yangu sauti ikasema, "Umemkamata shemeji?"

Niliruka na stuli yangu. Kumbe kijana yuko mlangoni amejifunika shuka, kasikia kelele kaja. Nikamuuliza wewe ulikuwa unajua? Akasema anajua toka wiki ya kwanza. Sasa mbona hukusema! Akasema, "Shemeji, kwa vile ulivyokuwa unaniangalia wakati wa kula, ningesema panya ungesema najitetea."

Alafu akachukua tochi yangu akaanza kunitembeza jikoni kwangu mwenyewe kama mgeni. Hii mistari myeusi myeusi ya mafuta chini ukutani, ni manyoya yake yanavyojifuta, kila siku anapita njia ileile. Hii harufu ya chini ni mkojo, anakojoa matone madogo madogo kila anapopita, ndo anwani yake hiyo. Sabuni, meno hayo, ya mbele yanakua maisha yake yote hayaishi kukua, lazima atafune kitu ayasage, ndo maana hata waya anapitia wala hana shida na umeme wako. Akanifungulia kabati la juu. Akamulika pembeni ya kopo, vipunje vimejaa tena.

"Na haya shemeji," akasema kwa upole kabisa, "sio majani ya chai."

Mi naombeni tuheshimu kimya changu cha dakika zile. Maana akili ilikuwa inapiga hesabu yenyewe bila kutumwa. Panya mmoja wa namna ile anadondosha vipunje 50 mpaka 80 kwa siku, hana choo, anatembea huku anadondosha. Nikakumbuka nilivyokuwa navifuata kwenye kona na kucha. Nikakumbuka vikombe vyangu, viwili asubuhi kimoja jioni. Nikakumbuka wale wamama wanne na ile "imekolea".

Nikachukua kopo nikaenda kulimwaga lote usikuusiku, nikalisugua, nikalitupa. Asubuhi mke wangu anauliza majani ya chai yameenda wapi na kopo lake, rafiki yake anataka kujua jina. Nikanyamaza. Mke wangu akamgeukia mdogo wake. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaangalia dirishani.

Shemeji akaniangalia mara moja tu, akasema, "Nitanunua mengine dada."

Hapo kidogo roho iliniuma, lakini ilipita.

Vita ikaanza. Na kwa kuwa mi ndo baba mwenye nyumba nikasema hii naiongoza mimi, ushauri wa mtu ninayemdai siusikilizi. Nikaanza na kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi, kinasemekana kinatoa sauti ambayo binadamu haisikii ila panya inamfukuza mpaka nyumba ya tatu. Nikachomeka, kikawaka kataa ka bluu, nikalala kwa amani. Usiku wa nne naamka nakuta panya kakaa chini ya kile kidude anajikuna. Wanazoea bana, kelele siku mbili tatu alafu inakuwa kama redio ya jirani.

Nikaja kwenye mtego, ule wa ubao na springi. Ule mtego mnaouona una miaka mingi kuliko babu zenu, Mmarekani mmoja William Hooker aliupatia hati mwaka 1894 na mpaka leo watu wanahangaika kutengeneza wa kuushinda. Mi nikaweka mmoja. Katikati ya jiko. Na kipande kikubwa cha jibini, maana kwenye vikatuni panya anakula jibini. Asubuhi jibini limebaki limekauka, na mkate umeliwa. Usiku uliofuata nikaongeza jibini. Wa tatu nikawa nalisogeza vizuri kwa kidole cha shahada, pah!, kidole kikaingia mwenyewe, kucha ikawa ya zambarau mwezi mzima. Watoto wakaniuliza, "Baba umempata?"

Jirani akanishauri sumu. Hapo mke wangu na mdogo wake walikataa kwa sauti moja, na safari hii walikuwa sahihi, nyumba ina watoto alafu zile sumu nyingi zinafanya damu isigande, haziui palepale, zinachukua siku kadhaa, panya anakula leo anaenda kufia kwenye ukuta alhamisi, utamjua kwa harufu na humpati mpaka ubomoe. Paka wa watu akimwokota naye yupo hatarini.

Basi nikaleta gundi.

Zile mnazijua, kibao kimepakwa gundi nzito ya kunata, panya akikanyaga hatoki. Nikaleta vibao viwili nikavitandika kwenye korido, shemeji akasema shemeji usiweke njiani, nikamwambia we pumzika. Nikalala. Usiku kibofu kikaniamsha, si unajua mtu akiamka usiku hakumbuki vita, nikatoka peku, gizani, kwa kujiamini kabisa kwenye nyumba yangu.

Mguu wa kulia ukatua. Nikahisi kitu cha baridi. Nikainua mguu, nikainuka na sakafu. Yaani kibao kimekuja chote, kimeshika unyayo wote kama kiatu. Nikarukaruka na mguu wa kushoto nitafute ukuta, mguu wa kushoto ukatua kwenye kibao cha pili. Nikasimama pale korido nimevaa bukta na gundi, kibofu kimejaa, nimeshika ukuta kwa mikono miwili, siwezi kwenda mbele siwezi kurudi, kila nikiburuza mguu kibao kinashika sakafu.

Na wakati nimesimama hivo, sitasahau, mwanga wa chooni unaingia kidogo, nikamuona anakuja. Katoka jikoni, hajapita katikati, kaambaa na ukuta, sharubu zinagusa ukuta, kafika kwenye kisigino changu, kakizunguka, karudi kwenye ukuta wake, kaendelea na safari. Wala hakukimbia. Kanipita kama mtu anavyopita gari bovu.

Nikaita. Sikumwita mke wangu. Nilimwita shemeji.

Akaja, kawasha taa, kaangalia juu mpaka chini. Sura haikucheka lakini mabega yalikuwa yanacheka. Nikajaribu kuvuta, akasema, "Usivute shemeji, utatoka na ngozi, na maji hayasaidii, gundi hii inataka mafuta." Kaleta chupa ya mafuta ya kupikia, kapiga magoti, kaanza kunipaka unyayo kidogokidogo anabandua, mtu ninayemsema kwa kona ya mkate ananiosha miguu saa tisa usiku. Mguu wa kwanza ukatoka. Kwa furaha nikaukanyagia chini. Mguu wenyewe umejaa mafuta, sakafu ya vigae, basi niliondoka kama nimesukumwa, nikatua kwa makalio juu ya kile kibao kilichobanduliwa, ambacho shemeji alikiweka pembeni kikiwa kimeangalia juu.

Mtoto wa pili akatokeza kichwa chumbani kwao. "Mama! Mjomba kamkamata baba!"

Bukta ile tuliikata. Siongezi maneno hapo. Ila nimewaza sana toka siku ile kuhusu hizi gundi, mi nilikaa dakika arobaini na nilikuwa na watu wa kunihurumia, panya ananaswa mzima anakaa hapo masaa anapiga kelele. England toka mwaka 2024 mtu wa kawaida hata haruhusiwi kuzitumia, na mi nimewaelewa kwa kutumia makalio.

Asubuhi nikamkabidhi shemeji madaraka.

Na kijana anajua, lazima niseme. Kitu cha kwanza akaondoa chakula chote kwenye nailoni, unga, mchele, mkate, biskuti za watoto, vyote kwenye makopo ya bati na ya kioo yenye mifuniko, mezani hamna hata kombo. Akasema huwezi kumtega mtu aliyeshiba. Yule anakula gramu tatu nne tu kwa siku, ila anakula kwa kuonja, hapa kidogo pale kidogo, mara ishirini thelathini usiku mmoja, kwahiyo anachafua vingi kuliko anavyokula. Na maji hayamsumbui sana, unyevu wa kwenye chakula unamtosha, sio useme umefunga bomba umemkomesha.

Alafu akaomba penseli ya mtoto. Akaanza kuzunguka nyumba anachomeka penseli kila upenyo, chini ya milango, kwenye mabomba, kwenye kona za dari. Akasema penapoingia penseli panaingia panya, milimita sita zinamtosha, kichwa kikipita mwili unafuata. Mi nikacheka. Akachomeka penseli pale kwenye bomba la sinki, ikazama yote, ikadondokea upande wa pili, na mpaka leo mtoto anaidai. Tukaziba na ule waya wa kusugulia masufuria tukaukandamiza na saruji juu, maana ukiweka kitambaa au sponji umempa matandiko.

Mitego alitaka sita kwa mpigo. Nikasema sita ya nini, panya si mmoja? Hapo akanipa somo ambalo lilininyima usingizi kuliko mbu. Jike anabeba mimba wiki tatu tu, anazaa watano sita mpaka nane, wale watoto wakifika wiki sita nao wako tayari kuzaa, na mama yao wakati huo hajakaa bure. "Shemeji," akasema, "ulivyoanza kuninunia mimi walikuwa wawili. Sasa hivi ni ukoo."

Kila mtego kauweka ukutani, umesimama wima na ukuta kama herufi T, upande wa chambo ndo unagusa ukuta. Sio katikati. "Panya hapiti katikati," akasema, "anaambaa ukuta kama mtu anayekwepa wanaomdai." Akanyamaza kidogo. Na mi nikanyamaza. Chambo siagi ya karanga, kadogo tu kama punje ya njegere, ukiweka nyingi analamba pembeni anaondoka. Mitego miwili akafunga uzi na pamba, kwa ajili ya jike mwenye mimba anayetafuta vya kutandikia. Na kumbe hawa wadogo ni wambea, panya mkubwa wa majumbani akiona kitu kipya anakiogopa siku kadhaa, huyu mdogo anataka kujua, anaenda kukagua usiku uleule.

Usiku wa kwanza nimelala nimetoa macho. Pah. Kimya. Baada ya nusu saa, pah. Kutoka chumba cha pili shemeji anahesabu kwa sauti ya chini, "Mbili." Alfajiri, pah, "Tatu." Mke wangu akavuta shuka akasema mmepata mchezo. Siku tisa tukawa tumepata kumi na moja, na siku tatu za mwisho hamna kitu, mitego mizima, siagi imekauka.

Ila harufu ikawa haijaisha, tena sebuleni. Shemeji akasema kiota kiko humuhumu, hawa hawakai mbali na chakula, mita chache tu, hata kumi hazifiki. Tukavuta makochi, hamna. Tukavuta kabati la televisheni, hamna. Akasimama mbele ya spika yangu.

Hii spika ni kubwa, ya mbao, mbovu. Mke wangu kasema itupwe miaka yote, mi nasema itatengenezwa. Ukweli ni kwamba kwenye lile tundu lake la nyuma la kutolea besi nilikuwa nimeficha daftari la madeni, yote, nani kachukua nini lini, na nusu ya majina ni ndugu za mke wangu, ndo maana nikalificha. Shemeji kaelekeza tochi kwenye tundu, kanusa, kasema, "Ni hapa." Nikamwambia hapana hapo hapawezi kuwa. "Ni hapa shemeji." Nikamwambia hiyo spika usiifungue ni ya kumbukumbu.

Akafungua skrubu nne.

Ndani kuna bonge la mviringo, ukubwa wa mpira wa watoto, limesukwa kwa ufundi, pamba kidogo, uzi wa zulia, na karatasi. Karatasi nyeupe yenye mistari ya bluu, imechanwa vipande vyembamba vyembamba kama tambi. Na mwandiko wangu. Kilichobaki nje ya kiota ni jalada na kurasa za nyuma, zile nilizoandika ninavyodaiwa mimi. Hizo hajazigusa hata moja.

Nikachukua ufagio nikakusanye nione, mke wangu akapiga kelele, "Usifagie! Vumbi lote hilo utalivuta puani, unataka kuumwa?" Kumbe ndo taratibu yenyewe, mavi ya panya hayafagiliwi makavu, kuna magonjwa humo. Akafungua madirisha yote tukatoka nje nusu saa, akarudi na glavu na barakoa, kachanganya dawa ya klorini sehemu moja kwa maji sehemu kumi, kamwagia kiota chote mpaka kimelowa chapachapa, kasubiri dakika tano, ndo akaanza kuokota na matambara ya karatasi kuingiza kwenye mfuko. Nikamwambia ngoja, vile vipande nivichambue kwanza.

"Uchambue mavi ya panya kwa ajili ya madeni?"

Nikamwambia ndiyo.

Wakaninunulia glavu. Nikatandaza gazeti pale nje tukakaa watatu, mimi nachambua, wao wanaangalia mtu mzima anaunganisha herufi. "Mwez". "ataleta iju". "kuku wa". Jina hata moja halipo zima. Lile daftari nilianza nikiwa bado sijaoa, jamani, na yule mnyama hafiki gramu thelathini.

Kikabaki kipande kimoja kirefu, hakijatafunwa, wino wa peni umepauka kwa klorini lakini unasomeka vizuri, herufi kubwa, nimepigia mstari. KALIPA. Hakina jina, hakina tarehe. Na mi nilikuwa namjua mwenye kile kipande, kwenye daftari zima aliyewahi kunilipa ni mtu mmoja tu, fundi mmoja hivi, na sio ndugu yetu.

Shemeji akanyoosha mkono na glavu yake, akakichukua, akakiinua kwenye mwanga akakitazama mbele na nyuma.

"Hiki ni changu," akasema.

Nikafungua mdomo. Deni lake nalijua kwa kichwa, silihitaji daftari, nalijua mpaka siku na shati alilovaa.

Akawa hata hanitazami, kamgeukia mke wangu, sauti ileile ya upole. "Dada, hivi wale rafiki zako wanne bado wanaiulizia ile chai?"

"Wee acha," mke wangu akasema, "kila siku. Wanataka kuja tena jumamosi, wanataka jina la majani."

Shemeji akanigeukia, kipande kiko juu bado kinadondosha maji.

Nikamwambia, "Ni chako shemeji. Tena nakumbuka ulinilipa taslimu."